Masikio ya Mke Mwenzangu

Majina yote ninayo kichwani. Ukiniuliza nani alikaa jirani na nani mtaa wetu zamani za makuti, nitakutajia mpaka na paka wao. Lakini humu sitaji hata moja. Wengi wa ninaowasema wangali hai, wana miguu na wana midomo, na mmoja wao, wifi yangu wa Miono, akisikia nimemwandika kwa jina atapanda gari siku hiyohiyo.

Nianze na mke mwenzangu. Huyo ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kiume. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa hiyo mimi na yeye tunagawana mume, na mgawo wenyewe hauna haki hata kidogo. Mwanangu na mkewe wanafuga kuku Kerege. Asubuhi wako bandani, jioni wako bandani, ndiyo sababu mtoto alipofika umri wa shule akaletwa kwetu Bagamoyo. Tangu siku hiyo minofu ya samaki ni yake, mimi na vichwa. Nikinung'unika, mzee wangu anasema, "Bi mkubwa, zamu yako ulishakula."

Sasa mtoto huyu alikuwa anasikia na hasikii. Sijui niseme vipi ueleweke. Nikivunja nazi jikoni, yeye yuko nyuma ya nyumba anacheza, atakuja mbio na kikombe, maana maji ya nazi ni haki yake. Nikiangusha kifuniko cha sufuria anashtuka. Lakini nikimwambia kwa nyuma, "Niletee chumvi," anaweza kuniletea ufagio, anaweza kuniletea ndoo, anaweza kusimama tu ananitazama kama mimi ndiye mwenye kosa. Kisha kesho yake alfajiri, kumetulia, nimechuchumaa mbele yake nampaka mafuta, nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo uvae ushungi mweupe," naye huyo, anaufuata mweupe. Mvua ikipiga bati, amekwisha, mzungumzie mpaka ukauke koo.

Mwalimu wake alikwishatuma neno kwamba mtoto hatii, hafuati anachoambiwa, na kama nyumbani hatutamweka sawa basi tumtoe, arudi mwakani. Neno hilo likatembea. Neno baya hapa halihitaji nauli. Likafika Miono, wifi yangu akaja.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, mjane, ana shamba la ufuta na mahindi, na ana sauti ya kuwaitia watu walio ng'ambo ya mto. Katika ukoo wa mume wangu shangazi akisema, amesema. Mwanangu huyu mwenye ndevu, anayewafokea madalali wa kuku barabarani Kerege, mbele ya shangazi yake ni kifaranga.

Hakukaa hata kunywa chai. Alimsimamisha mtoto ukutani, akaenda nyuma yake taratibu, akapiga sinia kwa mwiko. Mtoto akaruka.

"Kiziwi gani huyu?" akaniuliza. "Wifi, kiziwi yuko wapi hapa?"

"Sijasema kiziwi. Nimesema maneno hayamwingii."

"Hayamwingii kwa kuwa kadekezwa. Mtoto anakula minofu, bibi anakula vichwa, maneno yataingia wapi? Mimi naondoka naye. Kwangu atapalilia, atakaa sawa. Jembe halitaki mwalimu."

Mke mwenzangu anapenda shule. Hapati hata nusu ya yanayosemwa, lakini anaamka kabla ya jogoo kujipangia vitabu, na herufi anaziandika nzuri kuliko mimi, ingawa kunishinda mimi si sifa kubwa, niliacha darasani mapema. Akienda Miono na wifi, kurudi tena shule itakuwa hadithi.

Nikasema apelekwe hospitali kubwa Dar akapimwe masikio. Wifi akanitazama, akatabasamu lile tabasamu lake la kununua ng'ombe.

"Vyema. Twende sote, mimi na wewe. Wakisema masikio yake mabovu, nafunga mdomo, anabaki kwako na shule yake. Wakisema masikio mazima, nafunga mizigo yake, naondoka naye. Umekubali?"

Mwanangu alikuwepo. Mume wangu alikuwepo, alipunguza hata redio ili asikie. Nami nikajibu kwa kiburi, "Nimekubali, wallahi." Nilijua nimeshashinda. Mtoto anayeleta ufagio kwa chumvi, masikio yatakuwa mazima wapi?

Tuliambiwa siku ya kipimo mtoto aamshwe mapema sana na asisinzie njiani, maana kuna kipimo kimoja lazima alale nacho. Basi kutoka Bagamoyo mpaka mjini kazi yetu ilikuwa kumkeshesha mtoto mchana. Mimi nilimtekenya, wifi alimwimbia nyimbo za kupura mahindi. Abiria wa mbele akageuka akaomba tumhurumie, yeye ndiye anayeshindwa kulala.

Hospitali tukapokewa na binti wa kupima masikio, mdogo, mstaarabu, akatupa shikamoo zetu kila mtu ya kwake. Akauliza mtoto alizaliwaje. Nikamweleza: alizaliwa njiti, akapata manjano makali, akakaa hospitali chini ya taa siku nyingi mpaka tukasema huyu atazoea taa asitake jua. Binti akaandika. Akachungulia masikio kwa tochi, hakuna nta, hakuna usaha. Kisha akachukua kidude laini mfano wa kizibo, akakipachika sikioni.

"Bibi zangu," akasema, "hiki kinapiga vijisauti ndani, halafu kinanyamaza kusikiliza. Sikio zima hujibu. Linatoa mlio wake, mdogo, mimi na nyinyi hatuusikii, ila mashine inausikia."

"Sikio linajibu?" akauliza wifi.

"Linajibu."

Nimeishi miaka yote hii sijui kama nina sikio linalojibu. Nilitaka kucheka, lakini nikaona uso wa binti umetulia kwenye mashine, anatikisa kichwa kwa kuridhika, na kicheko kikanikauka.

"Yote mawili yamejibu," akasema. "Vizuri kabisa."

Wifi akapiga kigelegele. Palepale, ndani ya hospitali. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi nje akaamka akidhani mtu kajifungua.

"Nilisema mimi! Masikio mazima! Tena yana adabu kuliko mwenyewe, yakiitwa yanaitika!"

"Bibi, hatujamaliza," binti akamwambia.

"Nyinyi malizeni, mwanangu. Sisi tumemaliza."

Akaingia nasi kwenye chumba cha pili hivyohivyo, anachekelea. Chumba kile kina giza kidogo na ubaridi, na kiti cha kuegemea. Mtoto akabandikwa vijiwaya, kimoja kwenye paji la uso, vingine nyuma ya masikio. Sasa alale. Mtoto macho! Usingizi aliokuwa nao njia nzima umeruka, anatazama taa, anatazama vijiwaya, anavuta ushungi wangu. Wifi akasema tumwachie yeye, analaza watoto wote wa Miono. Akaanza kubembeleza kwa sauti nzito, mara sauti ikashuka, mara ikageuka kukoroma. Wa kupimwa yuko macho, msindikizaji kalala. Na mkoromo wenyewe si wa siri. Binti akahangaika, mara anatazama mashine, mara anamtazama wifi, mwisho akaniomba kwa adabu tumhamishe. Tulimtoa mpaka kwenye benchi akitembea huku kalala, akaendelea kukoroma begani kwa yule mzee wa kigelegele.

Nilivyorudi, mke mwenzangu akajilaza mapajani mwangu, akalala mwenyewe.

Binti akanionyesha mistari kwenye kioo. Akasema kwa mtoto mwingine, sauti ikipigwa, mstari unapanda vilima, kimoja kikifuata kingine, na kila kilima ni kituo ambacho sauti imepita ikienda kwenye ubongo. Nikakaza macho. Mstari wa mke mwenzangu ulitikisika kidogo pale mwanzo, halafu ukalala kama ufukwe maji yakipwa. Akaongeza sauti. Ukalala. Akaongeza tena mpaka nikaona huruma, nikamshika mtoto mkono. Ukalala. Mtoto naye kalala, na wifi huko nje kalala.

"Huu mtikisiko wa mwanzo," binti akasema kwa sauti ya chini, "ni sikio lenyewe linafanya kazi. Kuanzia hapa ni mshipa wa kusikia. Hapa ndipo pana tatizo."

Alipoamka wakampa kazi ya mchezo. Amevaa vidude vya kichwani, akisikia mlio atie kifungo ndani ya kopo. Alitia vingi. Hakutia vyote, na kuna vingine alitia bila mlio wowote, ila alitia vingi kuliko nilivyotegemea. Halafu wakampa maneno ayarudie, huku aliyeyasema kaficha mdomo kwa karatasi. Hapo akaharibikiwa. Karatasi ikiondolewa akawa anapata mawili matatu. Wakawasha makelele kidogo kama ya watu sokoni, akanyamaza kabisa, akanitazama mimi.

Daktari alikuwa kijana. Alituita sote watatu, wifi kaamka, uso una alama za benchi.

"Bibi," akamwambia wifi, kwa kuwa ndiye aliyekaa mbele, "umewahi kupigiwa simu, inaita vizuri, ukipokea sauti inakatakata, unasikia mtu anaongea lakini hujui anasema nini? Labda ukiwa kule Miono..."

"Miono mtandao upo," wifi akasema. "Tena siku hizi tunao kuliko nyinyi."

Daktari akaomba radhi kwa Miono nzima. Akaendelea. Sikio la mtoto linapokea sauti na kuiitikia. Ila mshipa unaopaswa kuipeleka sauti kwenye ubongo hauipeleki kwa mpango, inafika imevurugika. Ndiyo maana nazi anaisikia, maneno yanampotea. Siku moja anapata neno, kesho neno lilelile hapati, na si kwa kutaka kwake. Penye kelele ndiyo basi. Tusimseme kwa nyuma, tumwendee mbele, aone mdomo na mikono, tuzime redio kwanza. Shuleni akae mbele. Watamjaribishia vifaa vya masikioni waone kama vinamfaa, wengine vinawafaa na wengine haviwafai kitu, na yako mengine ya kuzungumza baadaye, ndani yake na upasuaji, ila hakutaka kutuahidi jambo. Turudi naye. Na kwa vyovyote shule asitolewe, akitolewa sasa maneno yatazidi kumkimbia.

Nikapumua. Nikamgeukia wifi nione anavyofunga mdomo.

"Baba daktari," wifi akasema, "nijibu mimi moja tu, maana mimi mtu wa shamba. Masikio yenyewe, mazima au mabovu?"

"Masikio yenyewe mazima, bibi, ila mshipa wa..."

"Ahsante." Akainua mkono. "Wifi, umesikia? Masikio mazima."

Njia ya kurudi nilimsihi, nilimkumbusha, nilimwambia daktari kasema asitolewe shule. Jibu lake lilikuwa lilelile. "Tuliapa juu ya masikio. Hatukuapa juu ya mishipa. Ungetaka mishipa ungesema." Na kiapo nilikula mimi kwa kinywa changu, mbele ya mume na mwanangu, nikasema wallahi. Mwanangu tukampigia simu. Akasikiliza yote, akasema, "Mama, shangazi yuko karibu?" Nikasema yuko karibu. Akasema basi kuku wanamwita.

Ikabaki arusi. Mtoto wa jirani yetu alikuwa anaolewa wiki hiyo, na wifi alisema atakula pilau la watu, kisha asubuhi yake anaondoka na mtoto. Vijinguo vya mke mwenzangu vikaanza kukunjwa mbele ya macho yangu. Mume wangu akaacha kula minofu na yeye. Mtoto mwenyewe alihisi jambo, akawa analala na mkoba wa shule.

Siku ya kuchambua mchele wanawake wote wa mtaa tukakusanyika uani kwa jirani. Majamvi chini, masinia mapajani, mchele unapepetwa na watu wanapepetwa pamoja nao. Mwenye shughuli alikodi maspika, marefu kuliko mtu, na fundi wake kayaegemeza ukutani nyuma ya pale alipochagua kukaa wifi, maana ndipo penye kivuli. Taarabu ikafunguliwa. Nakwambia mchele ulikuwa unaruka wenyewe kwenye sinia bila kurushwa.

Nilimtazama wifi kwa muda. Mwanamke mmoja akamwinamia akamwambia kitu. Wifi akatikisa kichwa, "Eeh, eeh." Mwingine naye akaja na lake. "Eeh, kabisa." Wa tatu akamuuliza swali, nikaona kwa uso kwamba ni swali, na wifi akacheka, akampiga begani, akasema, "Eeh!" Yule mtu akabaki ameduwaa.

Shetani hakunikalia mbali. Nikainuka na sinia langu, nikaenda nikakaa nyuma ya bega lake, palepale kwenye spika. Nikavuta kanga nikaziba mdomo kama mwenye haya. Nikawakonyeza waliokaa mbele yetu, watu wazima wale, konyezo moja linawatosha.

"Wifi!" nikasema. "Mtoto abaki kwangu!"

"Eeh," akasema wifi, anatoa kijiwe kwenye mchele.

"Na shule aendelee!"

"Eeh, wifi."

"Na wewe kesho kutwa uende zako Miono peke yako!"

"Kabisa," akasema, akanigeukia akanichekea kwa upendo mkubwa. "Eeh, kabisa."

Uwanja ukalipuka vigelegele. Wifi akapiga na yeye, tena kwa nguvu, hakutaka kupitwa. Na katikati ya shangwe hiyo umeme ukakatika, spika zikafa, sauti yake ikabaki peke yake hewani.

"Hongera, bibi wa Miono," jirani akamwambia. "Umefanya la maana kumwacha mtoto."

"Kumwacha nani?"

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Akanigeukia. Nilikuwa nimeinamia mchele, nachambua kama mtu aliyeajiriwa.

"Mshenzi wewe! Umenitega! Mimi nilidhani unanisemesha mambo ya mchele!"

"Ulidhani," nikamwambia. "Na kama hukusikia, wifi yangu, eeh ilitoka wapi?"

"Ningesema nini? Mbele za watu? Kila mtu akija, nini, nini, nini, kama juha? Si unaitikia tu wakuache..."

Hakumaliza. Wanawake waliendelea kucheka, ila mimi niliona macho yake yalikokwenda. Mke mwenzangu alikuwa kwenye jamvi la pembeni na watoto wenzake, wanamwonyesha jinsi ya kutenga chenga. Mkubwa wao alikuwa anampa maelezo, huku kainamisha kichwa kwenye sinia, na mke mwenzangu anatikisa kichwa. Eeh. Eeh. Alipoachiwa sinia, akakaa nalo, hajui aanzie wapi.

"Juzi nimemfinya kwa hilo," wifi akasema, si kwangu, wala si kwa mtu. "Nilimtuma, akasema eeh, hakwenda. Nikamwambia mwongo."

Usidhani alilegea. Alinuna mpaka pilau likaliwa. Aliniambia eeh ya kwenye spika haina hukumu, hata kadhi akipelekewa ataitupa, na mimi nikamwambia kiapo cha masikio bila mishipa nacho apelekewe hukohuko. Lakini asubuhi ya kuondoka nilimkuta jikoni, kazima redio ya kaka yake, na mwenye redio kakaa mlangoni kimya kama kafiwa. Wifi kapiga magoti mbele ya mtoto, magoti yale yanayomuuma hata kwa sala. Kamshika mashavu.

"Unataka shule?" akamuuliza, mdomo wake polepole, mkono unaonyesha mkoba. "Au unataka kwangu, shamba?"

"Shule," akasema mke mwenzangu. Kisha akafikiri, akaongeza, "Na kwako nije nile mahindi."

Wifi akasimama kwa kujishikilia kwenye meza. Hakunitazama. Akajifunga kanga, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Nikadhani stendi, nikawafuata na kandambili za mguu mmoja mmoja. Hawakwenda stendi. Walikwenda shule.

Nilifika wifi akiwa tayari mlangoni mwa darasa anamweleza mwalimu, tena kwa sauti ile ya ng'ambo ya mto, darasa zima linajifunza. Habari ya sikio linalojibu aliieleza kama aliigundua yeye. Mwalimu, binti mpole kumbe, alisikiliza mpaka mwisho, akasema hakujua, akasema watoto ni wengi na barabara iko hapo dirishani, magari hayakomi. Akamhamishia mke mwenzangu dawati la mbele, upande wa mbali na barabara, na siku hizi akitoa kazi anamwendea, anamwonyesha kwa kidole, kisha anamwambia amwambie yeye kazi ni ipi. Anapata baadhi. Anakosa baadhi. Hospitali tunarudi naye, na wifi ametoa amri kwamba bila yeye hatuendi.

Aliondoka kwenda Miono mchana ule peke yake, na vijinguo vya mtoto akavirudisha sandukuni mwenyewe. Lakini hakuondoka mnyonge. Kabla ya kupanda gari alinishika mabega, akanivuta pembeni mbali na honi, akanitazama machoni, akaniambia neno kwa neno kwamba likizo zote za shule ni zake, mtoto ataletwa Miono, tena ataletwa amepakwa mafuta. Nikafungua mdomo kuitikia.

"Hapana," akasema. "Usiniitikie. Rudia nilichosema."

Nikarudia. Alinisahihisha palepale pa mafuta.